Fundi Uzi na Kibanda cha Mwalimu

Fundi Uzi ana tabia moja inayowaudhi wateja. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajalegeza hata skrubu moja, anaomba kigoda akae. Si kwamba amechoka. Anakaa chumba kile kile ambamo AC inasumbua, nusu saa, pengine saa nzima, mikono mapajani, kimya kama mtu aliyekuja kutoa pole. Wako waliomwambia waziwazi, “Mama, nimekuita utengeneze, sikukuita ukae.” Yeye huwajibu, “Daktari akikuandikia dawa ukiwa bado uko mlangoni, utazinywa?” Wengine hucheka. Mmoja alimtoa nje, akaita fundi mwingine, na huyo mwingine akaongeza gesi akaenda zake. Siku hizi mafundi wengi ni hivyo: AC ikikohoa, gesi, ikilia, gesi, ikizimwa na mwenyewe kwa rimoti, nayo gesi.

Jina la Uzi limetokana na kitu kilichomo katika sanduku lake la zana. Katikati ya spana na geji kuna kibonge cha uzi mwekundu na kijiti. Anafunga kipande cha uzi kwenye ncha ya kijiti, anakishika mbele ya mahali upepo unapotoka, anautazama uzi unavyocheza. Watoto wa mitaani humwigiza. Hajali. Alikuwa mshonaji kabla ya kuwa fundi, amekaa nyuma ya cherehani miaka kumi na mitatu, na uzi haujawahi kumdanganya.

Cherehani aliiacha mumewe alipoanguka kutoka ghorofa ya pili akifunga AC ya watu. Kiuno kilivunjika, na ngazi hakuikanyaga tena. Mke akachukua sanduku. Mume akamfundisha akiwa kitandani: mke anakwenda kwa mteja, anatazama, anarudi kusimulia, mume anauliza.

“Ulikaa?”

“Nilikaa.”

“Muda gani?”

“Dakika kumi.”

“Rudi ukakae.”

Alimrudisha hivyo mara nyingi, hata siku za mvua, hata siku ambazo mke alikuwa amevimba miguu na kununa waziwazi. Mume alifariki miaka sita iliyopita. Wakati huo mkewe alikuwa na wateja wengi kuliko aliowahi kuwa nao yeye, na mume alikuwa akilisema hilo mwenyewe mbele za watu, neno ambalo wanaume wengi lingewakwama kooni.

Siku tunayoisimulia hapa ni ile aliyorudi nyumbani kwa Mwalimu. Alirudi kwa sababu mara ya kwanza hakukaa.

Mwalimu ni mstaafu, amefundisha hesabu mpaka nywele zikawa na rangi moja na chaki. Mkewe alipatwa na kiharusi mwaka jana, upande mzima wa kushoto ukalala, na tangu hapo mama wa watu yuko kitandani. Joto lilipokuwa likizidi, jasho lilimchubua mgongo, mchubuko ukawa kidonda, na daktari akakata kauli kwamba chumba kiwe cha baridi au kidonda hakitafunga. Watoto wakachangishana, AC ikafungwa. Kidonda kikaanza kukauka. Halafu AC ikaanza visa. Fundi mmoja akaitwa, akaongeza gesi, ikarudia.

Mwalimu alipiga simu saa moja asubuhi. Fundi Uzi alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

“Fundi, ile AC imerudia.”

“Imerudia vipi, Mwalimu?”

“Inapuliza upepo wa jikoni.” Akashusha sauti. “Binti yangu mkubwa anafika leo alasiri na gari. Amesema akikuta chumba cha moto, anamchukua mama yake.”

“Anampeleka wapi?”

“Kwake. Mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Ana vyumba vingi, vyote vina ubaridi.”

“Na wewe je?”

“Mimi sijaambiwa.”

Fundi Uzi aliweka kikombe chini. Miezi miwili nyuma alikwenda pale mapema, jua halijachangamka, huku ameahidi watu wengine wawili. Alitia geji, ikasoma chini kidogo kwa ubaridi wa asubuhi, naye kwa haraka zake akafanya lile lile analowalaumia wenzake: akaongeza gesi. Ubaridi ukatoka hapo hapo. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akapewa soda, akainywa kwa kujiamini kabisa. Sasa alichukua sanduku, chai akaiacha.

Alifika saa mbili na nusu. Mwalimu alikuwa kizingitini, ameshanyoa, shati limepigwa pasi, kitita cha funguo mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Twende nikufungulie mashine ya nje.”

“Usifungue.”

“Sasa utaionaje?”

“Nataka ikae kama inavyokaa siku ambazo mimi sipo.”

Mwalimu alimtazama kama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa, lakini akarudisha funguo mfukoni.

Chumbani mlikuwa na kitanda cha chuma, kabati, meza ya dawa, na redio ndogo iliyonyamazishwa. Mama alikuwa amelazwa ubavu. Mdomo ulimvutika upande, na maneno yalimtoka machache. Kwa hiyo alikuwa ameacha kabisa kusema yasiyo na maana.

“Umerudi,” alisema.

“Nimerudi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Kaa.”

Fundi Uzi akakaa. Alitundika kipimajoto mbele ya mdomo wa AC, akaiwasha. Digrii kumi na nne. Safi. Mtu mwenye haraka angefunga sanduku hapo akaaga. Yeye akakunja mikono.

Jua lilipanda. Mwalimu aliingia na gazeti, akalisoma kwa sauti ya darasani, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaenda kupokea dawa zilizoletwa mlangoni. Mama akamgeuzia fundi macho.

“Anaruka vifo,” alisema.

“Vifo gani, mama?”

“Vya gazetini. Matangazo. Anadhani sijui.”

Fundi Uzi akacheka chini kwa chini. Mama naye akacheka kwa ule upande mmoja uliobaki na kicheko.

“Binti yako anakuja kukuchukua,” fundi akasema. Hakuwa mtu wa kumung’unya maneno.

“Najua.”

“Unataka kwenda?”

Mama alitazama ukuta. “Kule watanisomea vyote,” alisema.

Kipimajoto kilikuwa kumi na tisa. Hakuna aliyegusa rimoti, hakuna aliyefungua dirisha. Dakika arobaini tu tangu mashine iwashwe. Ikawa ishirini na mbili, ishirini na tano. Nje, mngurumo wa mashine ulizidi kuwa mzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Halafu mngurumo ukakatika, tak. Ndani feni iliendelea kupuliza kana kwamba halijatokea lolote. Huo ndio upepo wa jikoni.

Fundi Uzi alichukua kijiti chake, akaenda nyuma ya nyumba.

Kibanda kilichofunika mashine ya nje alikuwa amekiona mara ya kwanza, lakini kukiona na kukitazama ni vitu viwili. Nyumba ya jirani, mashine ya nje iliibwa mchana kweupe, wakabaki na mabomba mawili ya shaba yananing’inia ukutani. Wiki ile ile Mwalimu alinunua matofali ya matundu na saruji, akajenga. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, mtu angemvulia kofia: kuta zimenyooka, bati juu limetiwa mteremko, mlango wa chuma na kufuli la ukubwa wa ngumi, na kote rangi ya krimu ileile ya nyumba. Mashine imekaa humo ndani kama sanamu kwenye kabati.

Mngurumo ulikuwa umekatika, lakini feni ya mashine ya nje ilikuwa bado inazunguka. Aliweka uzi kwenye tundu la kulia. Ukaingia ndani. Tundu la kushoto. Ukaingia ndani. La mbele, mbele kabisa, mahali feni inapotema moto wake: uzi ukatoka kidogo, ukasita, ukajikunja, ukarudi ndani. Aliugusa ukuta, ukamuunguza kiganja.

“Mwalimu,” aliita, “sasa njoo ufungue.”

Mwalimu alifungua. Joto liliwapiga usoni kama walioinamia tanuri la mikate. Walikaa pembeni, wakangoja. Baada ya dakika kumi mashine iliamka yenyewe, ikanguruma vizuri, na uzi mbele ya feni ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Basi Fundi Uzi akaelewa. Kila fundi aliyekuja hapa alifunguliwa mlango na mwenye nyumba, kwa adabu zake, akauacha wazi mpaka kazi iishe. Mlango ukiwa wazi, mashine inapumua. Fundi anaongeza gesi, baridi inatoka, anasifiwa, anaondoka. Mwalimu anafunga kufuli. Ugonjwa wenyewe hakuna fundi aliyewahi kukutana nao, kwa kuwa ulikuwa ukija baada ya wao kupewa soda.

“Mwalimu, AC yako haina ugonjwa. Inavuta moto iliotema yenyewe.”

“Haiwezekani. Kibanda kina matundu.”

“Nimeyaona.”

“Arobaini na nane. Nilipiga hesabu ya eneo la kila moja. Hewa inayoingia inatosha.”

“Umehesabu ya kuingilia. Ya kutokea umehesabu?”

“Ni hayohayo.”

“Ndiyo shida, Mwalimu.”

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alitazama matundu yake moja moja, midomo ikicheza kidogo. Alikuwa akipiga hesabu upya, na ilionekana usoni jibu lilipofika.

“Kuna jingine,” fundi alisema. “Huyo wa kwanza aliongeza gesi. Nami nikaongeza juu ya yake. Nilikuja mbiombio, sikukaa, sikupima. Ikizidi nayo ni mzigo kama ikipungua. Kwa hiyo mashine yako ina mambo mawili, kibanda na mimi.”

“Ulipokea sifa siku ile.”

“Nilipokea. Na soda.”

Mwalimu hakucheka. “Unataka nikivunje.”

“Ukuta wa mbele na bati. Kuta za pembeni nazo zipungue.”

“Na wezi?”

“Tutaikaza kwa bolti, vichwa vyake vichomelewe, fundi chuma aweke nondo mbili mbele. Nondo hazizuii upepo.”

Alidhani neno litakalofuata litakuwa la wezi tena. Mwalimu aliweka mkono juu ya bati, likamuunguza, asiuondoe mara moja.

“Tangu augue,” alisema, “dawa anampa muuguzi. Kumgeuza, wanakuja wawili wanamgeuza. Chakula analeta mdogo wake. Kufua kuna mtu wa kufua. Mimi nikimshika wananiambia, Mwalimu, taratibu, utamuumiza. Nilijenga hiki. Wiki nzima. Kila siku nikimaliza naingia namwambia, leo tumefika kozi ya tatu ya matofali, leo ya nne.”

Fundi Uzi aliweka kijiti chini. Alimkumbuka mtu aliyelala chali miaka, hana kingine cha kumpa mkewe isipokuwa kumuuliza kama amekaa. Nyakati zile alidhani anamsumbua tu.

“Basi sitakivunja mimi,” alisema. “Una nyundo?”

Alikuwa nayo. Saa tano, mzee wa miaka sabini na kitu alivua shati la pasi, akabaki na fulana, akaanza kushusha tofali la kwanza kwa utaratibu uleule aliolipandisha nao. Fundi Uzi alimwacha. Alizima mashine, akaunganisha mtambo wake wa kunyonya gesi na mtungi juu ya mizani, akaitoa gesi yote, kisha akamwita Mwalimu asome mwenyewe.

“Kibandiko cha kiwandani kinasemaje?”

“Gramu mia tisa.”

“Na mizani?”

“Elfu moja na mia mbili.” Mwalimu alipangusa jasho. “Theluthi moja zaidi. Mtoto wa darasa la tano angeona.”

“Angeona kama angepima,” Fundi Uzi alisema, naye hakujitetea zaidi ya hapo.

Pampu ya kuvuta hewa na unyevu ilikuwa bado inafanya kazi, na AC imezimwa, na jua la saa nane limesimama juu ya paa la nyumba, gari liliposimama mbele ya nyumba. Binti alikuwa amewahi saa nzima.

Huyu ni mwanamke mwenye biashara zake, amezoea kuagiza na kutiiwa, na mwendo wake peke yake ulitosha kumwambia mtu asogee. Alimkuta baba yake mweupe kwa vumbi, nyundo mkononi, matofali yametapakaa.

“Baba, unabomoa nyumba?”

“Karibu, mwanangu. Ni kibanda tu.”

Aliingia chumbani. Alitoka haraka kuliko alivyoingia.

“Nimekuta kile nilichosema nitakikuta. Mama amelowa. Nani amezima AC?”

“Mimi,” alisema Fundi Uzi, akiwa amechuchumaa penye pampu. “Nipe saa moja.”

“Wewe ndiye uliyekuja miezi miwili iliyopita?”

“Ndimi.”

“Basi umeshapewa miezi miwili.”

“Kweli. Na kosa la mara ile ni langu. Nilizidisha gesi bila kupima. Leo nimepima, baba yako ameisoma mizani. Hilo jingine la kibanda usimlaumu, analimaliza mwenyewe.”

Binti alimkagua juu mpaka chini, kuanzia kilemba mpaka viatu vya mpira. “Mafundi hawasemi hivyo,” alisema.

“Wanasemaje?”

“Wanasema umeme wa hapa mbaya.”

“Umeme wa hapa pia mbaya. Lakini leo hauhusiki.”

Kidogo tu, pembe ya mdomo wa binti ilitikisika. “Saa moja,” alisema. “Mimi nafungasha nguo zake.”

Kutoka nje ilisikika milango ya kabati ikifunguliwa na kufungwa. Mwalimu aliisikia. Aliendelea kushusha matofali, ila sasa alikuwa akiyapanga, jambo lisilohitajika, moja juu ya jingine, pembeni mwa ukuta. Fundi Uzi naye alijikaza. Pampu haiharakishwi, ukiikatisha, unyevu unabaki ndani, na ungekuwa umerudi kulekule kwa miezi miwili iliyopita. Kila mlango wa kabati ulipogonga, mkono wake ulitaka kufunga valvu. Hakuifunga mpaka geji ilipotulia kabisa. Kisha akarudisha gesi, macho kwenye mizani: mia saba, mia nane, mia nane na tisini, mia tisa. Akafunga. Akawasha.

Mambo ya sinema hayakutokea. Chumba kilichopikwa saa tatu hakipoi kwa dakika mbili. Kuta zenyewe zina joto, godoro lina joto. Binti alikaa kwenye kigoda cha fundi, begi limejaa miguuni, akitazama kipimajoto kama anayesubiri kumkamata mtu. Kumi na sita. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Fundi Uzi alisimama mlangoni.

“Sasa imeanza,” binti alisema. “Hata siku zile ilikuwa inaanza.”

“Sawa. Tusubiri ishindwe.”

Walisubiri. Dakika arobaini zikapita, zile zile za asubuhi, na jua la alasiri kali kuliko lile. Kumi na mbili. Saa nzima. Kumi na mbili. Nje mashine ilinguruma sauti moja, haipandi ngazi yoyote. Binti, ambaye alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, alikiegemeza kichwa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya mama yake, akapitiwa na usingizi mdomo wazi. Mama akanyoosha mkono wake mzima, akamgusa kwenye bega.

“Mama?” Binti alishtuka. “Unataka nini? Maji?”

“Begi,” mama alisema.

“Nimeshafunga, mama, usiwe na wasiwasi.”

“Zirudishe kabatini.”

Binti alitazama kipimajoto, akamtazama mama yake, akamtazama fundi kama vile fundi ndiye aliyemfundisha maneno yale.

“Mama, hapa nani anakuangalia vizuri?”

“Zirudishe,” mama alisema. Akapumzika kidogo kutafuta pumzi ya neno lililobaki. “Uzikunje.”

Mtu aliyelelewa na sauti hiyo haibishii, hata kama ana biashara tatu. Binti alifungua begi. Alikunja gauni la kwanza, la pili, akisema huku amewapa mgongo, “Nakaa siku nne. Naitazama. Ikishindwa hata usiku mmoja, gari liko nje.”

“Siku nne nzuri,” alisema Fundi Uzi. “Na mimi nitapita siku ya tatu. Nitakaa.”

Alikusanya zana zake, akazungusha uzi kwenye kibonge, akamuaga mama. Aliambiwa “Karibu,” na macho yale yakamsindikiza mpaka mlangoni.

Nyuma ya nyumba matofali yalikuwa yamepangwa vizuri kama darasa lililo mstarini. Mashine ilikuwa uchi ukutani, bolti zake mpya zinang’aa. Fundi chuma alikuwa ameahidi kesho. Na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa Mwalimu, nyundo mapajani, mgongo umegeukia feni, upepo wa moto unaipeperusha fulana yake.

“Mwalimu, unafanya nini hapo?”

“Nalinda. Mpaka nondo zije.”

“Umekaa mbele ya feni.”

“Ndiyo niione.”

“Unaiziba.”

Mwalimu aligeuza shingo, akaitazama mashine, akajitazama yeye. Aliinuka, akabeba kiti, akapiga hatua mbili kushoto. Fundi Uzi akatikisa kichwa. Akapiga ya tatu. Fundi akatoa uzi tena sandukuni, akaushika mbele ya feni, ukanyooka.

“Hapo,” alisema.

Mwalimu akakaa.